Logo ya Elfu Hamsini

Bumu lilipoisha nilikuwa nimebakiza wiki tano za mazoezi ya kufundisha, nusu debe la maharage na shilingi elfu nne kwenye simu. Kwa hiyo kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliponipigia na kuniuliza kama bado nachora yale mabango ya uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, nilijibu ndiyo kabla hajamaliza swali.

Kaka anafanya kazi maabara. Yeye na wenzake watano walikuwa wameunda kikundi cha utafiti wa malaria: daktari mmoja kijana, muuguzi, wataalamu wa maabara na wanafunzi wawili wa shahada ya uzamili. Walikuwa na vibali, na fomu zao zilikuwa zimeshapitiwa na kamati ya maadili. Walichokosa ni logo. "Elfu hamsini," alisema kaka. "Thelathini sasa hivi, ishirini ukimaliza." Wewe ungekataa?

Nyumbani kwetu ni Kyerwa, upande wa Nkwenda, lakini shule niliyopangiwa iko Karagwe, si mbali na Kayanga. Kwa ambao hawajafika huko kwetu: Kyerwa ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe hadi mwaka 2012, na mpaka leo mtu wa Kyerwa ukimkuta Dar ukamuuliza kwao ni wapi atakwambia Karagwe, ili asiulizwe swali la pili. Ulikuwa mwezi wa saba, msimu wa kahawa. Kila uwanja ulikuwa umeanikwa kahawa, na kila mtoto aliyechelewa shuleni alikuwa na sababu moja.

Sijasomea kuchora. Nasoma ualimu, Kiswahili na Historia. Ninachojua nimejifunza kwa simu, kwa kuchukua michoro iliyokwisha kuchorwa na watu wengine na kubadilisha rangi. Na ndivyo nilivyofanya usiku ule ule. Nikaandika "medical logo" kwenye programu, yakaja mamia ya fimbo zenye nyoka. Nikachagua nzuri kuliko zote: fimbo yenye mabawa na nyoka wawili wamejiviringisha kama nywele za kusuka. Nikaweka rangi ya bluu. Dakika ishirini, kazi imekwisha. Nikalala nikijiona nimepata elfu hamsini ya bure.

Asubuhi Dokta akanipigia mwenyewe. Alikuwa anacheka. "Mwalimu, hii ya nyoka wawili siyo yetu. Hii ni ya wafanyabiashara."

Nikaenda kusoma, na kusema ukweli niliona aibu. Fimbo ya tiba ni ile ya Asclepius, mungu wa uponyaji wa Wagiriki, nayo ina nyoka mmoja tu na haina mabawa. Ile ya nyoka wawili ni ya Hermes, mjumbe wa miungu, mlinzi wa wafanyabiashara, wasafiri na hata wezi. Zilichanganyika zaidi baada ya kikosi cha tiba cha jeshi la Marekani kuichukua ile ya Hermes kuwa alama yake mwaka 1902, na wengine wakaiga. Shirika la Afya Duniani, lilipochagua nembo yake mwaka 1948, lilichukua ya nyoka mmoja. Sasa ukipita mjini, angalia vibao vya maduka ya dawa na vyuo vya afya, uhesabu nyoka. Utacheka kama Dokta.

Nikamtoa nyoka mmoja. Nikampelekea bibi aone, maana wikiendi hiyo nilikuwa nimekwenda nyumbani. Akaishika simu mbali na macho, akaitazama kwa muda, akauliza, "Huyo nyoka amemuuma nani?" Nyoka wote wawili nikawaacha.

Jaribio la pili lilikuwa msalaba mwekundu. Hilo halikufika hata kwa Dokta, kaka alilikata palepale. Ule msalaba si alama ya hospitali kama tunavyodhani. Ulianza na Mkataba wa Geneva wa mwaka 1864, na unalindwa kisheria kwa ajili ya huduma za tiba za majeshi na vyama vya Msalaba Mwekundu, ili vitani watu wajue nani asipigwe risasi. Mtu binafsi hana ruhusa ya kujipakia tu. Shangazi yangu ana duka la dawa muhimu Nkwenda na juu ya mlango amepaka msalaba mwekundu mkubwa kama dirisha. Nilipomweleza alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, rangi nilinunua mimi." Bado upo.

Kwa hiyo likabaki la tatu, na hili nililifanyia kazi kweli. Nilikaa nalo siku nne. Tone la damu, jekundu, lenye mng'ao kidogo upande wa kushoto kama machozi. Ndani ya tone, ramani ya Tanzania kwa rangi nyeupe. Chini yake hadubini. Maana yake, nikaandika kwenye ujumbe: tone moja la damu, taifa zima linanufaika. Kikundi kizima kilifurahi. Mmoja wa wale wanafunzi wa uzamili aliniandikia kwamba nimekosea njia kwenda kwenye ualimu. Elfu thelathini ikaingia. Wakachapisha fulana kumi na mbili, bango la mita mbili, na logo ikawekwa juu kabisa ya fomu ya ridhaa, ile ambayo mtu anasoma au anasomewa kabla ya kukubali kutoa damu.

Naomba uliweke akilini hilo la fomu. Maneno ya fomu ile yalisomwa na kamati, yakarudishwa, yakarekebishwa, yakasomwa tena. Kila neno. Tone langu halikusomwa na mtu. Liliongezwa baadaye, kama vile mtu anavyoongeza maua pembeni ya kadi ya harusi.

Walihitaji mtu wa kutafsiri Kinyambo kwa ajili ya wazee, kwa hiyo Jumamosi moja nikaenda nao kijijini, Kyerwa. Nilivaa fulana. Sitakudanganya, nilikuwa najisikia. Bango likafungwa kati ya miti miwili mbele ya ofisi ya kijiji, na mwenyekiti alikuwa amewatangazia watu tangu Alhamisi. Wakaja kama arobaini, wengi akina mama wenye watoto. Mpango ulikuwa rahisi: unaelezwa, ukikubali unasaini au unaweka dole gumba, unachomwa kidole, tone moja linakwenda kwenye kipimo cha haraka na matone mengine machache kwenye karatasi maalumu, yanakaushwa na kupelekwa maabara. Ukikutwa na malaria unapewa dozi kamili hapo hapo, bure.

Nafasi ya pili kwenye foleni alikuwepo mama mmoja mwenye kitenge cha njano, na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa amelaza kichwa kwa namna ile ambayo kila mtu wa kwetu anaijua. Mama alitazama bango. Akatazama fulana yangu. Akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwalimu, hilo tone ni la nani?"

"Ni alama tu, mama."

"Alama ya nini?"

"Ya damu."

"Hii mnayotuchukua?"

"Ndiyo, lakini ni tone dogo tu la kidole."

Akanyamaza kidogo. "Lenu ni kubwa," akasema. "Nchi nzima imeingia."

Mzee mmoja nyuma yake akacheka. Halafu akasema jambo kwa sauti ya chini kwa jirani yake, na neno moja nililisikia vizuri: wanyonya damu. Hakusema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekumbushia jina la ukoo. Basi likatembea. Ungetarajia vurugu, mawe, watu kupiga kelele, hakuna. Watu wa kwetu wana adabu. Mmoja akakumbuka ameacha maharage jikoni. Mwingine kahawa yake ingelowa, na mbinguni hapakuwa na wingu hata moja. Mama wa kitenge cha njano akanishukuru, akaniambia atarudi, akaondoka. Baada ya nusu saa tulikuwa na watu tisa, wanne kati yao ndugu wa mwenyekiti.

Njiani kurudi kwenye gari walilaumu ushirikina. "Watu wetu bado," alisema mmoja wao, na wengine wakaguna kukubali. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nimefunika kifua kwa sweta.

Siku ya tatu yake, Jumanne, nilipita kituo cha afya kumwona jirani yetu aliyejifungua. Kitanda cha mwisho dirishani nikamwona mtoto yule ana dripu, na mama yake ameketi sakafuni, kitenge kile kile. Alinisalimia vizuri. Aliniambia mtoto alishikwa na degedege usiku wa Jumapili. Jumamosi, alipotoka kwetu, alipitia dukani akanunua dawa kwa hela aliyokuwa nayo, na hela ilitosha nusu dozi. Akasema anaendelea vizuri sasa, namshukuru Mungu, na wewe mwalimu habari za shule? Nikamjibu nzuri.

Mtoto alipona. Nasema mapema ili usisome ukiwa na hofu. Lakini nilitoka pale nikaenda kukaa chini ya mparachichi nyuma ya kituo kwa muda mrefu. Mita hamsini kutoka nyumbani kwa mama yule palikuwa na dozi kamili, ya bure, na mtu wa kuitoa. Kati yake na ile dozi palikuwa na mchoro wangu.

Unaweza kuniambia najipa umuhimu, na huenda ni kweli. Labda angeondoka hata kama bango lingekuwa tupu. Lakini aliniuliza kuhusu tone.

Kuhusu lile neno la mzee, nilikuwa nalifahamu kama unavyolifahamu wewe: pwani wanasema mumiani, kwingine chinjachinja. Mhadhiri wetu mmoja wa historia aliwahi kututajia kitabu cha Luise White cha mwaka 2000, kinachohusu uvumi wa wanyonya damu katika Afrika Mashariki na Kati wakati wa ukoloni. Nilikitafuta usiku ule na kusoma nilichoweza kwenye simu. White hauliziulizi kama wanyonya damu walikuwepo. Anasikiliza watu walikuwa wanazungumza nini walipokuwa wanawazungumza: magari yasiyoeleweka, ajira zisizoeleweka, wataalamu wanaokuja na vifaa, wanachukua kitu mwilini mwako, wanaondoka. Nilifikiria bango letu. Gari limekuja. Wataalamu wameshuka wamevaa sare. Kifuani wameandika kwa picha kwamba wanataka damu, na kwamba inajaza nchi. Mzee alikuwa amesoma logo yangu kwa usahihi kuliko kikundi kizima. Ushirikina uko wapi hapo?

Na la kuudhi zaidi ni kwamba damu ile ilihitajika kweli. Hii siyo hadithi ya watafiti wabaya na wanakijiji wema. Dawa mseto tunazomeza zimejengwa juu ya artemisinin, dawa iliyotokana na mmea wa China, iliyompa Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba Rwanda, jirani zetu wa ng'ambo ya mto Kagera, kumepatikana vimelea vya malaria vyenye badiliko la vinasaba linaloitwa R561H, linalovifanya vichelewe kufa. Kisha badiliko hilo hilo likaonekana kwa wingi mkoani Kagera, na mwaka 2024 zikachapishwa takwimu za Karagwe zilizothibitisha usugu huo wa kiasi. Dawa bado inaponya, usiache kumaliza dozi kwa sababu yangu. Lakini vimelea vinang'ang'ania siku zaidi kuliko zamani. Ukitaka kujua jambo hilo linakwendaje, huwezi kuchukua damu Masaki. Lazima uje kwetu, kwenye migomba, umwombe mama mwenye kitenge cha njano. Kwa hiyo yeye ndiye mtu muhimu kuliko wote kwenye mradi mzima, na hakuna aliyewahi kumwonyesha logo.

Nilimwambia Dokta nataka kuirudia, bila malipo ya ziada. Akasema sawa, lakini haraka.

Nilianza kwa shangazi. Wauza dawa wanajua mambo ambayo hayamo kwenye vitabu vyetu vya saikolojia ya elimu. Akanikumbusha jani. Kati ya mwaka 2010 na 2012 kulikuwa na mpango wa kimataifa wa kupunguza bei ya dawa mseto, Tanzania ikiwemo, na pakiti za dawa hizo zilipigwa alama ya jani la kijani. "Watu walikuwa wanakuja hawajui jina la dawa," shangazi alisema. "Wanasema nipe ile ya jani. Mzee hajui kusoma, lakini jani analijua." Nikamuuliza kwa nini jani lilishika. Akafikiri huku anahesabu vidonge vya mteja. "Jani halimwogopeshi mtu. Na ukilifuata unapata kitu."

Kulichukua jani siwezi, lina wenyewe. Lakini lile la pili, kwamba ukifuata alama unapata kitu, nililiandika kwenye kiganja.

Dokta alikuwa na wazo lake: tutumie ng'ombe wa chuma. Watu wa Historia mnaijua hii. Watawala wa Karagwe pale Bweranyange walikuwa na hazina ya vitu vya chuma, wakiwemo ng'ombe waliofuliwa kwa ustadi wa ajabu, na Rumanyika ndiye aliyempokea Speke mwaka 1861. Ni mambo ya fahari na nilitamani kuvichora. Bibi akakataa kabla sijafungua simu. Vile vilikuwa vya mfalme, akasema, mgonjwa anahusikaje navyo?

Jumatatu nikawapa kidato cha pili kipande cha karatasi kila mmoja, dakika kumi za mwisho za kipindi. Niliwaambia: choreni homa. Sikuongeza neno. Wakauliza, homa ipi mwalimu, nikasema hiyo hiyo. Zaidi ya nusu walichora mbu, wakubwa kama helikopta, kwa sababu ndivyo mabango ya zahanati yalivyowafundisha. Wengine walichora sindano. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwenye Kiswahili huwa ananipa taabu sana, alichora mtu ameketi nje ya nyumba, amejifunika blanketi mpaka kichwani. Juu yake jua. Kivuli hakipo.

"Kivuli kiko wapi?" nikamuuliza.

"Mwalimu, ni saa sita."

Nikaelewa. Kwetu ni baridi, asubuhi kila mtu ana blanketi au koti, halina maana yoyote. Lakini blanketi saa sita mchana, jua la utosi, mtu anatetemeka? Hakuna mama Karagwe wala Kyerwa atakayehitaji kuambiwa pale kuna nini.

Nikachora matoleo matatu na kumwachia shangazi kaunta, akawa anawaonyesha wateja na kuwauliza swali moja: hapa kuna nini? Mbu wakamwita dawa ya kupulizia. Hadubini mmoja alisema ni cherehani, na tangu siku hiyo kila nikiona hadubini naona cherehani. Ya blanketi wote walijibu jambo lile lile, baadhi wakaongeza, "Apelekwe hospitali."

Nikarudi kituo cha afya kumtafuta mama yule. Walikuwa wanaruhusiwa siku hiyo. Nikamwonyesha simu. Aliiangalia akatikisa kichwa kukubali, halafu akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Na majibu yanarudi lini?" Nikamwambia kipimo cha haraka unapewa majibu pale pale. Akasema hapana, zile nyingine, za karatasi, zinazokwenda mbali. Walishawahi kuja wengine miaka ya nyuma, wakachukua, wakatoa sabuni, hawakurudi.

Nilimpelekea Dokta swali hilo kabla ya mchoro. Alikaa kimya kwenye simu. Kisha akasema majibu ya vinasaba hayamsaidii mgonjwa mmoja mmoja, ni ya kitakwimu, ya kisera. Nikamwambia najua, lakini hata hayo, nani atakuja kusimama mbele ya ofisi ya kijiji kuwaambia tulikuta nini? Mpango wao ulikuwa na mkutano wa kitaalamu Dar na makala kwenye jarida. Kijiji hakikuwemo. Tulibishana, kwa heshima, maana yeye ni Dokta na mimi ni mtu wa TP. Wiki iliyofuata kaka akaniambia wameongeza siku moja ya kurudisha majibu vijijini, mafuta ya gari watachangishana. Kaka anasema ni kwa sababu yangu, Dokta anasema walikuwa wanalifikiria muda mrefu. Yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Basi nikaongeza mtu wa pili kwenye mchoro. Ameketi kando ya mgonjwa, kwa urefu ule ule, ameshika karatasi, na karatasi anaielekeza kwa mgonjwa. Rangi moja tu, nyeusi. Hili nalo nilijifunza kwa kuchelewa: fomu zinatolewa nakala stesheneri, na mashine ya stesheneri haijui nyekundu. Zile fomu za kwanza, tone langu lenye mng'ao lilitoka kama doa la oili chafu.

Dokta hakuipenda. Alisema inafanana na tangazo la blanketi. Alisema wenzake mkutanoni wakiona hakuna hadubini watadhani ni kikundi cha ustawi wa jamii. Nilimjibu kwamba wenzake mkutanoni hawachomwi kidole. Nadhani hilo lilimuudhi kidogo. Mwisho tukafika mahali ambapo sikupapenda sana: kwenye fomu, fulana na bango, blanketi, kwenye slaidi za mkutano, tone. Ameshakwenda nalo Dar. Kaka anasema lilisifiwa.

Safari hii mchoro ulipelekwa kwenye kamati pamoja na fomu. Kazi ikasimama kusubiri kibali, wiki baada ya wiki, na mtafiti mmoja alinilaumu waziwazi kwamba nimewachelewesha kwa sababu ya picha. TP ikaisha, nikarudi chuo, nikapiga msuli wa mitihani. Nilianza kusahau.

Mwezi uliopita shangazi akanitumia picha. Bango jipya, kati ya miti ile ile miwili. Foleni haikuwa ndefu sana. Nilihesabu watu ishirini na saba, na mmoja wao ana kitenge cha njano, ingawa vitenge vya njano viko vingi. Baadaye akanipigia. Ndiye. Alikuja na mtoto, mtoto mzima anakimbia, na amemwagiza shangazi aniulize jambo kuhusu yule mtu wa pili kwenye picha.

"Anasema kama ni dokta, mbona yuko peku? Na kama ni jirani, mbona ameshika karatasi?"

Niliifungua ile faili usiku huo huo. Ni kweli, sikuwa nimemchorea viatu. Sikuwa nimefikiria kabisa miguu yake. Nilianza na viatu vya kufunga, akawa daktari anayekagua. Nikavifuta. Nikamvalisha ndala, karatasi nikaiacha mkononi.

Nimemtumia Dokta tangu Jumapili. Hajajibu, na elfu ishirini yangu bado.